Mfuko wa Sita

Wiki iliyopita mjukuu wa kike wa fundi Sumaili alipanda kutoka Baraka mpaka hapa Fizi kwa pikipiki, akiwa amekumbatia kitu kilichofungwa kwa kitenge. Alinikuta barazani nachambua maharage kwa vidole, maana macho yangu sasa yanaona mwanga na vivuli, basi. Akaniamkia, akaketi, akaniambia kwamba mama yake, binti wa mwisho wa fundi, amefariki baada ya kuugua muda mrefu. Katika kusafisha chumba chake wamekuta sanduku la bati, lile lililokwenda nao kambini Tanzania na kurudi, na ndani yake kitu hiki, ambacho marehemu aliagiza kipelekwe kwa Faida wa Fizi. Faida wa Fizi ni mimi. Nilikipapasa kabla hajamaliza kufungua fundo, nikakijua: jalada gumu, mgongo wa nguo, pembe zilizoliwa na mende. Ilikuwa albamu ya santuri ya fundi, niliyoishika karibu kila siku kwa mwaka mmoja, na ambayo kwa zaidi ya miaka sitini nimeogopa hata kuulizia habari zake. Nilimpa pole ya msiba, nikamwagizia chai, nikaiweka albamu mapajani bila kuifungua. Sikuwa tayari.

Siku hizi ukisema albamu, wajukuu zangu wanafikiria kitu cha kwenye simu, kisicho na uzito wala harufu. Yetu ilikuwa kitabu kweli. Ulikifungua kama kitabu, na badala ya kurasa kulikuwa na mifuko sita ya karatasi ngumu ya kahawia, kila mfuko una santuri moja, nyeusi, nzito, yenye kuvunjika ukiikoholea vibaya. Santuri sita, nyimbo kumi na mbili, na gramafoni ya kuzungushwa kwa mkono iliyokaa juu ya meza ya kukatia nguo. Hiyo ndiyo ilikuwa albamu pekee ya mtaa wetu wa Baraka mwaka huo, miaka minne kabla ya uhuru, nilipokuwa na miaka kumi na saba na nimeshushwa kutoka milimani kukaa kwa mama mkubwa ili nijifunze kushona kwa fundi. Kushona nilijifunza. Lakini nikiulizwa leo nilisoma nini mwaka ule, nitasema nilisoma zile nyimbo kumi na mbili, mmoja baada ya mwingine, mpaka niliweza kusikia mwanzo wa wimbo unaofuata kabla fundi hajabadilisha sindano.

Chumba cha fundi nakiona vizuri kuliko ninavyoiona leo sahani yangu ya chakula. Ukuta wa chokaa uliochubuka mpaka usawa wa mabega, kwa sababu wateja waliegemea wakisubiri. Cherehani mbili, moja yake, moja yangu. Bonge la nta ya nyuki kwenye kopo, la kupitishia uzi wa vifungo. Saa sita mchana mke wake alituletea bugali na ndagala, dagaa wa ziwa letu, waliokaangwa kwa mawese, tukala sakafuni, kisha fundi akanawa mikono kwa sabuni, akaifuta na kuifuta tena, akasema, "Faida, leta kitabu." Hakuwahi kumruhusu mtu mwingine kuishika. Mimi nilikuwa na vidole vyembamba na nilikuwa nimesoma kwa masista, ningeweza kumsomea maandishi ya ile karatasi ya duara katikati ya santuri, ingawa hakuniomba. Yeye alisoma Kurani, na herufi za Wazungu alizipita kama mtu anavyompita mdai wake njiani, macho mbele, mwendo wa haraka. Kwenye mifuko alikuwa ameandika namba kwa Kiarabu, moja mpaka sita, kwa chaki yake ya kushonea, na chaki ikifutika alizirudia. Alianza mfuko wa kwanza, akamaliza mfuko wa sita. Siku zote hivyo.

Mimi mpangilio ule sikuupenda, na sikunyamaza. Kwenye mfuko wa tatu, upande wa kwanza, kulikuwa na wimbo wa mwanamke. Nyimbo nyingine zote waliimba wanaume, magitaa yakikimbizana, na mbili zilikuwa za lugha ambayo hakuna mtu Baraka aliyeijua. Huyu mwanamke aliimba peke yake na gitaa moja, polepole, na kila alipofika mwisho wa ubeti alinyamaza kidogo zaidi ya ulivyotarajia, mpaka ukadhani santuri imekwama. Baada yake zilifuata nyimbo saba za kurukaruka, na nilikuwa nachukia. Nilimwambia fundi kwamba huyu angewekwa mwisho, ili mtu aondoke na sauti yake masikioni. Fundi alijibu kwamba aliyezipanga alikuwa na sababu zake, na kwamba mtu hashoni mkono wa shati kwenye kola kwa sababu ameupenda mkono. Tulibishana hivyo miezi. Siku moja, akicheka, alisema, "Siku utakuwa na kitabu yako, utapanga vile roho yako inataka. Hii iko yangu."

Jambo moja tu lilimfanya anikasirikie kweli. Kwenye zile karatasi za duara kulikuwa na matone madogo ya nta yaliyokauka. Nilidhani ni uchafu wa kazi, kwamba fundi alishika santuri na mikono yenye nta, na siku moja nikaanza kuyakwangua kwa ukucha. Alinipiga kofi mkononi, yeye ambaye hakuwahi kuninyooshea hata kidole. "Wacha ile," alisema. "Haikukuulize kitu." Nilinuna siku mbili. Sikuyagusa tena, na sikuyafikiria tena.

Sasa lazima nieleze jinsi wimbo ule ulivyokuwa sheria. Mwanzoni mwa mwaka fundi alialikwa na gramafoni yake kwenye arusi moja ya jirani, na ikatokea tu kwamba mashangazi walimtoa bibi arusi ndani wakati mwanamke yule anaimba. Watu walilia. Kwenye arusi iliyofuata mama wa bibi arusi akasema binti yake naye atatoka kwa wimbo huohuo, na ya tatu hivyohivyo. Kufika kiangazi, Baraka yote iliuita wimbo wa mlango, na hakuna mama aliyekubali mlango wa mwanawe ufunguliwe kabla haujapigwa. Santuri ya kwanza, wageni wanakaa. Ya pili, wanapewa sharubati. Ya tatu, mlango. Mtu angedhani ni mila ya mababu, kumbe ilikuwa na miezi minane.

Mama mkubwa alikuwa na binti mmoja, Mauwa, aliyenizidi mwaka mmoja. Tulilala mkeka mmoja. Kiangazi hicho baba zake wadogo walikubali posa ya kapita mmoja wa pamba, mnyapara mwenye wake wawili na fimbo, ambaye watu wa mashambani walimjua zaidi kwa fimbo. Mauwa alisema hapana. Alisema kwa adabu, akasema kwa kulia, mwishowe akasema mbele ya wazee, na hilo ndilo lililoharibu, kwa sababu tangu siku hiyo hakuachwa peke yake hata kwenda chooni. Nguo na mbuzi wa posa vilikuwa vimeshapokelewa. Mama mkubwa hakusema lolote. Alitwanga sombe, majani yetu ya muhogo, kwa nguvu mpaka kinu kikahama mahali pake, na usingeniuliza nisingekwambia kwamba nilimchukia kwa kunyamaza kule.

Njia ilikuwa moja. Kwetu, msichana akifika kwenye mafiga ya bibi mzaa mama kabla hajatolewa mlangoni, hakuna wa kumburuta. Wazee hukaa upya na yeye huulizwa upya. Bibi yetu alikaa Ubwari, ng'ambo ya ghuba. Akishatolewa mlangoni, bibi hana neno tena. Bibi alipata habari kwa mchuuzi wa ndagala na akajibu kwa mchuuzi huyohuyo: siku ya arusi, mtu wa kijiji chake angekuwa na mtumbwi chini ya shamba la muhogo, nyuma ya nyumba. Wakati pekee ambao Mauwa angeachwa peke yake ni ule wa gramafoni, maana bibi arusi hufungiwa chumbani na udi wake na hakuna anayeruhusiwa kuingia mpaka wimbo wa mlango. Tulipiga hesabu kwa vidole juu ya mkeka. Kutoka wimbo wa kwanza hadi wa tano ni muda mfupi mno. Mtumbwi ungekuwa bado karibu na nchi kavu, na baba zake wadogo walikuwa na mtumbwi mkubwa wenye wapiga kasia sita. Mauwa alinishika mkono akauliza, "Na kama ule wimbo ungekuwa wa mwisho?"

Kuificha santuri kusingesaidia. Wangeona mfuko mtupu, wangefungua mlango bila muziki na mambo yangekwisha. Ilibidi wimbo uwepo, watu waungoje, na uchelewe. Basi asubuhi ya arusi, nilipotumwa kufuta santuri vumbi, nilitoa ya mfuko wa tatu nikaiingiza wa sita, na ya sita nikaiingiza wa tatu. Ilichukua muda wa kumeza mate mara mbili. Nilitegemea mambo mawili niliyoyajua juu ya fundi: kwamba hawezi kusoma zile karatasi, na kwamba hatakubali watu wajue. Nilikuwa namtumia mtu aliyenifundisha kazi, kwenye lile jeraha alilolificha, na nilijua hivyo nikiwa nafanya. Sijidanganyi kwamba nilikuwa mtoto.

Arusi ilikuwa baada ya sala ya alasiri. Mwalimu wa Kurani, ambaye hakupenda santuri, alikaa kwa jirani akisubiri kuitwa bibi arusi akishatolewa, amuulize kwa desturi tu kama amekubali, kisha akadi ya ndoa isomwe. Uani kulijaa. Pilau ilikuwa kwenye masufuria matatu nyuma. Kapita alikaa kwenye kiti chenye mikono, fimbo katikati ya magoti. Dada yake, mwanamke mrefu mwenye sauti ya kuamuru, alisimama kando ya mlango wa chumba na mashangazi wawili, khanga mpya imekunjwa tayari mkononi. Mama mkubwa aliketi kwenye kigoda, mgongo karibu ugusane na mlango huo. Mimi nilikuwa mezani kwa fundi, kazi yangu kuzungusha mkono wa gramafoni na kumpa sindano. Alipoweka santuri ya kwanza nilisikia, au nilijidanganya kusikia, ubao wa dirisha la nyuma ukigusa ukuta.

Santuri ya kwanza ilikwisha, pande zote mbili. Ya pili nayo. Wanawake waliona fundi anaingiza mkono mfuko wa tatu, wakanyamazishana, wakajiweka sawa. Fundi aliitoa, akaishika kwa viganja kama kawaida yake, dole gumba likapita juu ya karatasi ya katikati. Likasimama hapo. Sikuthubutu kumtazama usoni, nilitazama vidole. Kisha akainama karibu nami, sauti ya chini, akaniambia neno ambalo kwa mwaka mzima hakuniambia.

"Faida. Unisomee."

Nilisoma karatasi. Ilisema ni santuri ya sita, kwa herufi wazi kabisa. "Iko ya tatu, baba," nilisema.

"Ya tatu?"

"Ya tatu."

"Sawa," alisema, akaiweka.

Magitaa ya wanaume yakaruka uani. Mashangazi walikuwa wameshainua khanga, wakaishusha, wakatazamana. Dada wa kapita akageuka kututazama. Wageni wengine walicheka, wengine wakaanza kutikisa mabega, maana ulikuwa wimbo mzuri wa kuchezea. Na fundi alikuwa na sheria nyingine ambayo Baraka yote iliijua: santuri ikianza haikatwi. Alikaa amekunja mikono, uso umefungwa. Nilidhani ananikasirikia. Nilidhani anavumilia aibu mbele ya watu kwa sababu yangu, na nilizungusha ule mkono wa gramafoni huku machozi yananitoka, na mwanamke mmoja akasema huyu naye anamlilia mwenzake, angalieni. Upande wa pili ukapigwa. Mfuko wa nne. Kila nilipompa sindano niliihesabu ghuba: sasa amevuka matete, sasa yuko pale maji yanapobadilika rangi, sasa hata wakikimbia labda.

Kwenye mfuko wa tano dada wa kapita alichoka. Alisema kwa sauti kubwa kwamba kaka yake hakuja kucheza ngoma, mlango ufunguliwe, nyimbo zitafuata. Akaweka mkono kwenye komeo. Ndipo mama mkubwa, ambaye hakuwa amefungua kinywa tangu posa, alisogeza kigoda chake nyuma mpaka kikagonga mbao za mlango, akabaki ameketi pale.

"Batoto ba batu bote batoke na wimbo," alisema, "wangu atoke kama kuku ya mu tundu?"

Wanawake walimuunga mkono. Ilikuwa mila, bwana. Dada wa kapita alimgeukia fundi, akamwambia basi aruke hizo nyingine, apige wimbo wa mlango sasa hivi. Fundi hakuinua macho. Alisema kitabu hupigwa vile kimepangwa, na kama hawakitaki atakifunga aende nacho nyumbani. Mtu akamletea sharubati kumtuliza. Akainywa yote, polepole, glasi nzima, watu wote wakimngoja, kisha akageuza santuri ya tano.

Mwisho akafika mfuko wa sita. Mwanamke akaanza kuimba, na hapo, katikati ya hofu yangu yote, nilisikia kwamba ubishi wangu wa miezi ile ulikuwa wa haki. Baada ya nyimbo kumi za makelele sauti ile ilishuka juu ya uani mzima na hakuna aliyetikisa kitu. Alipofika kwenye ule ukimya wa mwisho wa ubeti, hata kapita aliinua kichwa. Mama mkubwa alisimama kutoka kwenye kigoda. Mashangazi wakafungua komeo, wakaingia na khanga yao, na sisi tulioko nje tukasikia mmoja akiuliza, "Iko wapi?"

Sitasimulia vurugu yote. Dirisha lilikuwa wazi, udi bado unafuka. Baba zake wadogo walikimbia ziwani, wakauona mtumbwi mdogo umeshakaribia ng'ambo, na mkubwa wao akasema hakuna haja ya kulowanisha suruali. Waliporudi, dada wa kapita alikuwa ameshaunganisha mambo. Alisimama mbele ya meza akauliza nani amechezea mpangilio wa kitabu, na macho yake yalikuwa kwangu, kwa sababu mimi ndiye niliyelala na Mauwa na mimi ndiye niliyesoma. Kapita alikuwa nyuma yake na fimbo. Nilifungua kinywa. Fundi akanyanyuka kabla sijatoa sauti.

"Mi sijue kusoma barua ya Bazungu," alisema, mbele ya uani mzima. "Sahani ikichanganyika, siwezi kujua. Nilizichanganya mimi mwenyewe nyumbani. Kama kuko kosa, iko yangu. Huyu mutoto alinizungushia mashine tu."

Mtu akacheka, kisha wengi. Fundi Sumaili, mwenye kalamu mfukoni mwa shati kila siku ya Mungu. Alikusanya santuri zake, akafunga kitabu, akaibeba gramafoni begani, akapita katikati ya kicheko kile bila haraka. Asubuhi yake nilirudishwa Fizi kwa lori la muhogo. Sikumuaga. Niliona haya kupita mbele ya kibaraza chake, na haya hiyo ndiyo iliyonizuia mwaka uliofuata, na mingine yote. Wazee walikaa upya, Mauwa akaulizwa upya, akasema hapana na ikasikika. Baadaye aliolewa na mtu aliyempenda, akazaa, akanizidi kwa wajukuu, akafariki mzee, kitandani kwake. Lakini nilisikia pia kwamba hakuna aliyemwalika tena fundi kwenye arusi na kitabu chake, kwamba kilikuwa mkosi, na kwamba vijana wakimpita walimwonyesha karatasi wakimwomba awasomee. Nilijiambia: yule mtu umemvua nguo hadharani, Faida, kwa kitu alichokuficha wewe na dunia nzima. Miaka sitini nimekaa na sentensi hiyo.

Juzi ndipo nilipofungua albamu, mjukuu wake akiwa bado hapa, tumekaa barazani asubuhi na chai. Nilitoa santuri ya mfuko wa kwanza, nikapitisha dole gumba katikati, kwa mazoea tu ya mtu asiyeona. Nta. Tone moja. Nilicheka, nikakumbuka lile kofi. Nikatoa ya mfuko wa pili, nikapapasa, nikapapasa tena. Matone mawili. Nikaiweka chini. Mjukuu akauliza kama anisaidie, nikamwambia aache. Kwenye mfuko wa tatu nilihesabu matone sita. Kwenye wa sita, matatu.

Alikuwa anajua. Dole gumba lilipopita pale, siku ile, lilikuwa limeshamwambia kila kitu, na bado akaniinamia akaniomba nimsomee, ili aone kama kweli nimekusudia. Na baada ya siku ile, miaka yote iliyobaki ya maisha yake, akipiga kitabu chake peke yake kwenye chumba kile cha chokaa, hakuzirudisha santuri mahali pake. Nililia mbele ya mtoto wa watu bila kujificha. Yeye alikuwa amechukua zile santuri mbili kwa makini, akazitazama, akaitazama mifuko.

"Bibi," alisema, "hizi zilipishana. Nizipange vizuri?"

"Hapana, mama," nilimwambia. "Rudisha vile ulizikuta."